Mguu Usiouma

Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati kinamtaja mgonjwa mmoja wa miguu ambaye humsumbua kila msomaji makini. Ni Asa, mfalme wa Yuda. Katika mwaka wa 39 wa utawala wake aliugua miguu, ugonjwa ukazidi kuwa mkali, na mwaka wa 41 akafa. Mwandishi wa kitabu hatuambii ulikuwa ugonjwa gani. Walimu wa Talmud walisema ni jongo, na madaktari wa siku hizi wamekisia mengi, hadi donda ndugu. Kilichomshughulisha mwandishi ni jambo jingine kabisa: kwamba Asa, hata katika maradhi yake, aliwaendea waganga asimtafute Mungu.

Hapo ndipo linapoanza swali ambalo halijazeeka. Mtu akiugua mguu, je, anaadhibiwa? Anajaribiwa? Au anaumwa mguu tu, basi? Waswahili wana jibu mdomoni tayari: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bibi humwambia hivyo mjukuu aliyejikwaa kizingitini, wote wakacheka, lakini utani huo umebeba imani nzito. Mguu ndio unaotupeleka tulikokatazwa, basi na ulipe wenyewe. Mtu mzima akipata kidonda kisichopona, ni jirani gani atakayetaja sukari kwanza? Watasema ametegewa, amekanyaga kitu cha watu.

Vitabu vyenyewe havimuungi mkono jirani huyo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, wakajibiwa kwamba si yeye wala si wazazi. Qur'ani nayo inarudia mara kadhaa kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Na Ayubu, mgonjwa maarufu kuliko wote, ambaye Biblia inasema majipu yalimtoka tangu wayo hadi utosini, katika Surat Swad anaambiwa aipige ardhi kwa mguu wake, yatoke maji baridi ya kuoga na kunywa. Uponyaji wake ulianzia kwenye unyayo. Tena ipo Hadithi iliyo katika mkusanyo wa Bukhari na Muslim, isemayo kwamba Mwislamu hapatwi na dhiki, hata mwiba ukimchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwayo baadhi ya makosa yake. Mwiba si adhabu hapo, una thamani yake mbinguni.

Lakini maneno yote hayo anaambiwa mtu anayeumwa. Yule aliyechomwa na mwiba asihisi kitu, aambiwe nini?

Mtu aliyelitafakari jambo hili kuliko wengi alikuwa daktari wa upasuaji, Paul Brand. Alizaliwa mwaka 1914 katika milima ya Kolli, kusini mwa India, wazazi wake wakiwa wamisionari Waingereza. Akasomea udaktari London, na mwaka 1946 akarudi India kufanya kazi katika hospitali ya Kikristo ya Vellore. Huko aliwakuta wagonjwa wa ukoma. Siku hizo karibu kila mtu, madaktari wakiwemo, aliamini kwamba ukoma wenyewe huozesha nyama mpaka vidole vikadondoka. Brand hakuridhika. Alichunguza mikono na miguu, akaona kwamba vijidudu vya ukoma huua mishipa ya fahamu, na uharibifu mwingine hufanywa na mgonjwa mwenyewe bila kujua. Anatembea na msumari ndani ya kiatu. Anashika sufuria ya moto. Anakanyagia kidonda kile kile wiki nzima kwa kuwa hakuna kinachomwambia achechemee.

Palibaki fumbo moja. Wapo walioamka asubuhi wakakuta sehemu ya kidole haipo, na wala hawakuwa wamefanya kazi yoyote usiku. Wagonjwa wakakesha kwa zamu, wakaona: panya walikuwa wanapanda kitandani na kutafuna vidole, na aliyelala hashtuki. Tangu hapo, mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani alipewa paka wa kwenda naye.

Usiku uliombadilisha Brand ulimkuta Uingereza, baada ya safari ndefu. Alivua soksi akagundua kwamba kisigino chake hakihisi kitu. Akachukua pini, akajichoma chini ya kifundo. Kimya. Akajichoma tena kwa nguvu, damu ikatoka, maumivu hakuna. Mtu aliyeishi miaka mingi na wagonjwa wa ukoma alijua maana yake, hakulala. Kulipopambazuka akaichukua pini ile ile, akajichoma, akapiga ukelele. Kumbe ulikuwa mshipa uliokufa ganzi kwa kukaliwa kwenye treni. Maisha yake yote yaliyosalia alikisimulia kisa hicho kama mtu aliyerudishiwa mali iliyoibwa, na mwaka 1993, pamoja na Philip Yancey, akaandika kitabu kizima cha kuyatetea maumivu.

Utetezi wake haukuwa wa mimbarani peke yake. Brand na wenzake walijaribu kutengeneza maumivu ya bandia: glavu na soksi zenye vifaa vya kupima mgandamizo, ambazo zingempa mvaaji ishara ya sauti akijiumiza. Wagonjwa waliisikia sauti wakaendelea na kazi yao. Wakabadilisha, wakaweka mshtuko wa umeme kwapani, mahali ambapo bado palihisi. Mgonjwa akitaka kufungua nati iliyokaza, alizima kifaa kwanza, akafungua, kisha akakiwasha. Mradi ukashindwa. Brand akahitimisha kwamba maumivu ni mlinzi, na mlinzi huyu hafai kitu kama hana ukali, na hafai kabisa kama swichi iko mikononi mwa anayelindwa. Hapa mwanafalsafa anayeuliza kwa nini Muumba mwema hakutupa taa nyekundu badala ya uchungu anapata jibu kutoka kwa watu waliojaribu taa nyekundu.

Wagonjwa wa namna hii hawako India peke yake. Mwaka 2005, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika katika jarida la tiba ya kisukari kuhusu wagonjwa wa Tanzania waliofika hospitali na vidonda vya kung'atwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Panya ni wale wale, Bahari ya Hindi tu ndiyo iliyo katikati. Kinachotofautiana ni kilichoua hisia: huku ni sukari. Ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu na ile midogo ya damu, ikianzia mbali kabisa na moyo, yaani vidoleni. Inakadiriwa kwamba katika kila watu 100 wenye kisukari, kati ya 19 na 34 watapata kidonda cha mguu wakati fulani wa maisha yao. Mara nyingi huanza na kitu cha aibu kukitaja: kandambili mpya iliyobana, magaga yaliyopasuka, sugu iliyokwanguliwa kwa wembe, maji ya moto ya kukandia ambayo mguu haukusema kwamba ni ya moto. Saudi Arabia madaktari wameeleza habari za watu wenye kisukari walioungua nyayo kwa kutembea pekupeku juani baada ya sala ya Ijumaa.

Tena ugonjwa huu una hila. Mgonjwa yule yule asiyehisi msumari mchana, usiku analalamika kwamba miguu inamwaka moto, anaitoa nje ya shuka, anaiweka kwenye sakafu ya baridi. Mshipa unaokufa hupiga kelele bila sababu, huku ukinyamaza penye sababu. Hoja ya Brand hapa inaanza kuyumba. Mlinzi anayelia moto pasipo moto, na kulala fofofo moto ukiwaka, huwezi kumwita zawadi bila kuongeza maelezo.

Kama hisia imeondoka, kazi yake lazima ichukuliwe na jicho na kidole. Ajabu ni kwamba dini zilishaagiza jicho na kidole viende huko chini muda mrefu kabla ya kliniki. Aya ya 6 ya Surat Al-Maida inaitaja miguu mpaka vifundoni katika udhu. Masunni huiosha, Mashia huipaka maji, na ubishi huo wa karne nyingi hauwazuii wote wawili kuigusa kila wanapotia udhu. Wanaoosha wana sunna nyingine ndogo ambayo madrasa hufundisha watoto wa miaka saba: kupitisha kidole cha mwisho katikati ya vidole vya miguu, kimoja baada ya kingine. Na ziko Hadithi kali kuhusu visigino vilivyobaki vikavu.

Mwenye kisukari anayeufanya udhu kwa utulivu, mara tano kwa siku, amepewa nafasi tano za kugundua lengelenge. Lakini tusidanganyane, wengi hufanya mbio, mguu ukiwa juu ya beseni na macho yakiwa kwenye saa ya ukutani, na iqama imeshaanza. Maji yakibaki katikati ya vidole, na mtu akaingia moja kwa moja kwenye soksi na viatu, fangasi hupata makao, ngozi huchanika, na vidudu hupata mlango. Taulo dogo la kukaushia halimpunguzii mtu thawabu. Anayepaka maji juu ya khofu za ngozi, ambazo mkazi wa mji ameruhusiwa kutozivua mchana mmoja na usiku wake, azivuapo autazame mguu, maana umekaa gizani saa 24. Na mwenye kidonda kilichofungwa asikiloweshe kwa bidii ya dini: fiqhi ina hukumu ya kupaka maji juu ya bendeji, na ina tayamamu pale maji yanapodhuru. Ruhusa hizo hazikuwekwa kwa ajili ya wavivu.

Upande wa Wakristo, mguu wa kuoshwa ni wa mwenzako. Usiku wa mwisho Yesu alijifunga kitambaa kiunoni akawatawadha wanafunzi miguu, Petro akakataa kwanza, kwa sababu ilikuwa kazi ya mtumwa na miguu ilikuwa michafu kweli, ya vumbi na ndara. Wakatoliki na Waanglikana hukumbuka tendo hilo Alhamisi Kuu, Wasabato hutawadhana kila wanapokaribia Meza ya Bwana. Papa Fransisko alilirudishia makali yake mwaka 2013, alipokwenda kwenye gereza la vijana la Casal del Marmo mjini Roma akaosha miguu ya vijana 12, wakiwemo wasichana na Waislamu. Aprili 2019 akapiga magoti na kubusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini, akiwasihi waache vita.

Hata hivyo, kila aliyewahi kuchaguliwa awe mmoja wa wale 12 wanaooshwa miguu parokiani anajua kinachotangulia. Siku hiyo mtu anasugua nyayo kwa jiwe nyumbani, anakata kucha, anapaka mafuta, anavaa soksi safi. Padri anakuta mguu ulioshaoshwa. Yule mama mwenye kidonda kinachonuka hachaguliwi, na hata akichaguliwa atakataa kwa aibu. Mafundisho mengi ya siku hiyo huhusu unyenyekevu wa anayeosha, ni vizuri, lakini mguu wenyewe umesahauliwa. Unyenyekevu usiomwona mgonjwa aliye mbele yake umebaki kuwa sifa ya mwoshaji.

Tuseme Brand ana haki, maumivu ni mlinzi. Mlinzi hupiga kelele ili mtu aje. Asipokuja mtu?

Mtoto mwenye funza hana ganzi. Anahisi kila kitu. Jike la funza, au tekenya kama wasemavyo wa Pwani, halifiki milimita 1 linapoingia kwenye ngozi, hasa pembeni mwa kucha na kisiginoni. Ndani ya wiki mbili hivi huvimba likawa kama punje ya njegere, jeupe lenye nukta nyeusi katikati, na kwa nukta hiyo hutoa mayai yanayoangukia kwenye vumbi la sakafu. Mtoto mwenye makumi ya funza hukanyagia kingo za miguu, hukosa usingizi kwa muwasho, na darasani hukaa peke yake. Katika baadhi ya vijiji vya Kenya na Uganda ameitwa mwenye laana, na familia yake imeambiwa ikasafishwe.

Laana hiyo ina tarehe, na ina jina la meli. Funza ni wa Amerika ya Kusini. Walifika Ambriz, Angola, mwaka 1872 kwa meli Thomas Mitchell iliyotoka Brazil na mchanga wa kuipa uzito, wakasafiri miguuni mwa wapagazi na askari, na kabla karne haijaisha walikuwa wamefika Pwani ya Afrika Mashariki na Zanzibar. Babu wa babu aliyedaiwa kuiletea familia laana hiyo huenda hakuwahi kumwona mdudu huyu utotoni mwake.

Maumivu ya mtoto huyu yamekwisha kutoa taarifa, tena kwa sauti kubwa. Kumwambia kwamba uchungu ni zawadi, au kwamba anafutiwa makosa ambayo umri wake haujamwezesha kuyafanya, ni kumtumia Mungu kama kisingizio cha kutonunua sabuni. Dawa ipo. Katika utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, watafiti walilinganisha mafuta ya dimetikoni na ile dawa ya zambarau ya kuloweka miguu. Siku ya 7, funza 78 katika kila 100 waliopakwa mafuta hawakuwa na dalili ya uhai, na kwa dawa ya zambarau walikuwa 39. Kinachodhuru ni pini moja inayozunguka ukoo mzima, kwa kuwa huweza kuingiza pepopunda, na kupeleka homa ya ini na virusi vya UKIMWI kutoka mguu hadi mguu. Kinachozuia ni sakafu isiyo na vumbi, maji, sabuni na viatu, vitu ambavyo msikiti au kanisa la kijiji linaweza kuvichangia kwa wiki chache likiamua.

Swali la nani ametenda dhambi humwangukia pia mama aliyezaa mtoto mwenye mguu kifundo, nyayo zikiwa zimegeukia ndani. Ataulizwa alimcheka nani akiwa mjamzito. Ulemavu huu humpata takriban mtoto 1 kati ya kila 800 hadi 1,000 wanaozaliwa, na njia ya Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca aliyefanya kazi Iowa, Marekani, huunyoosha bila upasuaji mkubwa: mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa mikono, hufungwa plasta mpya kila wiki kwa wiki chache, mara nyingi hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, baadaye usiku tu, mpaka miaka minne au mitano. Uganda iliipokea njia hiyo mapema kuliko nchi nyingi. Familia nyingi hushindwa hatua ya mwisho, ya kumvalisha kila usiku mtoto anayelia na ambaye mchana anatembea vizuri.

Wapo wanaohofia kwamba kukimbilia tiba ni upungufu wa imani. Masheikh hupenda kukisimulia kisa cha Urwa bin Zubeir, mwanachuoni wa Madina, aliyepatwa na donda la kula nyama mguuni akiwa safarini kwenda Damascus. Akakatwa mguu, akakataa kileo cha kumtuliza, na baadaye akamshukuru Mungu kwa viungo vilivyobaki. Kisa husimuliwa kufundisha subira, na ni haki. Mara chache husemwa kwamba Urwa alikubali msumeno. Waganga walipomwambia donda litapanda, hakuwajibu kwamba atavumilia mpaka lipande. Hata Hadithi ya mwiba haijamwambia mtu auache ndani, na nyingine, iliyo kwa Abu Daud, inawaamrisha waja watafute dawa. Kosa la Asa, tukimsoma kwa huruma, ni kumsahau Mungu, wala si kumkumbuka mganga.

Kwa hiyo jibu la swali letu haliko kwa mgonjwa. Kuuliza kama mguu wake ni adhabu kunamgeuza kuwa mshtakiwa, na waliomzunguka kuwa watazamaji. Wajibu umewaangukia wenye macho na migongo inayoinama. Mzee wa miaka 70 mwenye tumbo na magoti mabovu hawezi kuuona unyayo wake mwenyewe, na mtoto wa miaka mitatu hawezi kusema kwamba kiatu alichonunuliwa Krismasi iliyopita kimeshambana. Kumkatia bibi kucha, kwa kunyoosha bila kuchimba pembeni, kumpaka mafuta nyayo lakini si katikati ya vidole, kukung'uta kiatu kabla hajavaa, ni kazi ambazo wajukuu wengi huziona za chini kuliko kumtumia pesa kwa simu.

Basi leo jioni mwombe mzazi mwenye kisukari akuwekee miguu mapajani na afumbe macho. Gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu, bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili, kidole gumba, cha katikati na cha mwisho cha kila mguu, ukimwomba aseme anapoguswa. Angalia na nyayo, visigino na katikati ya vidole. Akikosa miguso miwili au zaidi kati ya sita, au ukiona kidonda ambacho hakukutajia, usimuulize kwa nini hakusema, mpeleke kliniki kesho asubuhi.